Naomba ushauri: nichague mvinyo gani wa Kifaransa kwa chakula cha kuwakaribisha wakwe?

Mgogo wa Lyon

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Nimezaliwa na kukulia Dodoma, na huu ni mwaka wa tatu ninaishi Lyon. Mwezi ujao wazazi wa mchumba wangu, ambao ni wenyeji wa huku, watakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza, nami nimeamua kuwapikia chakula cha kwetu: samaki wa kupaka kwa tui zito la nazi, kisha pilau ya mbuzi na kachumbari, na mwishoni jibini kama ilivyo desturi yao. Baba mkwe mtarajiwa ni mtu anayeuheshimu sana mvinyo, naye amesema kazi ya kuuchagua ananiachia mimi. Nimeipokea kama heshima na ninataka kuitimiza vizuri.

Shida yangu ni kwamba nikisimama mbele ya rafu za dukani sielewi ninachokisoma. Nyumbani chupa hueleza kama mvinyo ni mtamu au si mtamu, lakini hapa lebo hutaja vijiji na makasri tu. Mara ya kwanza nilinunua chupa ya Bordeaux, mvinyo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, yenye picha ya kasri na medali ya dhahabu, nayo ikanikausha ulimi kama mtu aliyekula bibo. Mara ya pili nilichukua mvinyo mweupe ulioandikwa "moelleux", nikaunywa na samaki wa kuchoma, kumbe ulikuwa mtamu kama sharubati. Nina euro 60 kwa chupa nne. Nifanyeje ili nichague kwa kujua?

Msafiri wa Bukavu

Dada, kwa wakwe usibane mkono. Mimi ningeweka fedha zote kwenye chupa moja ya Bordeaux yenye maneno "Grand Cru Classé", yaani ya shamba lililopewa daraja, kwa kuwa mashamba hayo ya Médoc, sehemu ya Bordeaux, yalipangwa madaraja mwaka 1855 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, wakati wa Napoleon III, na hakuna Mfaransa asiyeyajua. Chupa ya namna hiyo ikiwekwa mezani, mgeni ataona mwenyewe kwamba umemthamini.

Mhudumu wa Dijon

Ninamheshimu kaka wa Bukavu kwa nia yake, lakini ningemshauri dada vingine. Nimehudumu katika mikahawa ya mkoa wetu wa Burgundy kwa miaka kadhaa, na nimeona chupa nyingi za jina kubwa zikifunguliwa mapema mno na kuwaacha wageni wakinywa kwa adabu tu. Orodha ya 1855 ilitungwa na madalali wa mvinyo wakifuata bei za soko la siku zile, na daraja la kwanza lenyewe limebadilika mara moja tu, mwaka 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa. Kwa euro 60 unaweza kupata chupa ya daraja la chini katika orodha hiyo, lakini itakuwa changa, na mvinyo mchanga wa Médoc, utengenezwao hasa kwa zabibu ya Cabernet Sauvignon, una ukakasi mwingi utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ni ukakasi uleule uliokukausha ulimi. Mvinyo huo haukuwa lazima mbaya. Ulihitaji miaka kadhaa ghalani, au angalau kipande cha nyama chenye mafuta.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, kwa sababu ukilielewa hili rafu zote zitaanza kukusemesha. Lebo ya Kifaransa hutaja mahali, na mahali ndipo panapokuambia zabibu. Chablis ni Chardonnay. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc. Morgon ni Gamay, Chinon nyekundu ni Cabernet Franc, na mwekundu wa kijiji cha Gevrey-Chambertin ni Pinot Noir. Hayo hayaandikwi kwa kuwa sheria ya jina la asili (jina la mahali mvinyo utokako), ile AOC, imekwisha kuamua ni zabibu gani zipandwe pale na zikuzwe vipi. Mkoa wa Alsace ndio unaotofautiana zaidi, kwani huko jina la zabibu huandikwa wazi, kama Riesling au Gewurztraminer.

Ukishajua mahali, tafuta jina la mzalishaji, maana ndani ya kijiji kimoja wapo wanaolima kwa bidii na wapo wanaotegemea sifa za kijiji. Angalia kama mvinyo umetiwa chupani shambani kwenyewe, yaani "mis en bouteille au château" au "au domaine". Hilo halithibitishi ubora, ila linakuonyesha kwamba aliyeutia chupani ndiye aliyezilima zabibu. Picha ya kasri haikuambii lolote, na medali ya maonyesho usiitegemee sana, kwa kuwa mashindano ni mengi na si wakulima wote hushiriki.

Mama wa Tours

Mwanangu, nimefurahi kusikia umekulia Dodoma, kwa sababu zabibu ya Chenin Blanc inayolimwa huko asili yake ni bonde hili la mto Loire ninapoishi. Huenda ulikwisha kuionja hata kabla hujapanda ndege. Kwa samaki wa nazi ningekuchagulia Vouvray, kijiji kilicho karibu na Tours, ambako mvinyo wote mweupe hutengenezwa kwa Chenin na mizabibu huota juu ya chokaa laini waiitayo tuffeau. Mvinyo wake una uchachu wenye nguvu, na uchachu ndio unaokata mafuta ya tui, kama ndimu tunayoikamulia samaki. Papo hapo una unene wa kutosha, hivyo hauzamishwi na viungo.

Uwe makini na jambo moja tu, lile lililokupata. Vouvray hutoka kwa namna nyingi: "sec" ni usio na utamu, "demi-sec" una utamu kidogo, "moelleux" ni mtamu kabisa, na upo pia wenye mapovu. Baadhi ya wakulima hawaandiki kiwango cha utamu kwenye lebo, kwa hiyo usione haya kumwuliza muuzaji. Kama samaki wako atakuwa na pilipili, "demi-sec" utakufaa kuliko "sec", maana sukari kidogo hutuliza ukali.

Mpishi wa Marseille

Upande wa pilau niruhusuni niseme mimi. Wengi wangekutuma kwenye mivinyo mizito ya kusini mwa bonde la mto Rhône, mathalani Châteauneuf-du-Pape, ambako zabibu ya Grenache hutawala na kilevi mara nyingi hupita asilimia 14. Pamoja na nyama ya mbuzi peke yake ningekubali. Lakini wewe utakuwa na kachumbari yenye pilipili na siki au ndimu, na kilevi kingi huwasha pilipili mdomoni, wakati ukakasi mwingi huigeuza kuwa chungu. Pilau inataka mwekundu wenye tunda, ukakasi mdogo na uchachu wa kuburudisha.

Kwa bahati nzuri unaishi jirani na mvinyo wa namna hiyo. Kaskazini ya Lyon ndiko Beaujolais kuliko na Gamay, zabibu ambayo mtawala wa Burgundy, Philip Jasiri, aliamuru ing'olewe katika ardhi yake mwaka 1395, nayo ikastawi juu ya mawe ya matale (graniti) ya Beaujolais mpaka leo. Usiichanganye na ile Beaujolais Nouveau inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, ambayo hutengenezwa ili inywewe mara moja. Vipo vijiji na vilima kumi vyenye majina yao, miongoni mwao Morgon, Fleurie, Moulin-à-Vent na Brouilly, na mara nyingi neno Beaujolais halionekani kwa herufi kubwa kwenye lebo zao. Fleurie ni laini. Morgon, hasa wa kilima cha Côte du Py, una mwili zaidi, yaani ni mzito zaidi mdomoni, na karafuu na hiliki za pilau hazitaushinda. Chupa nzuri kwa kawaida haifiki euro 20. Ukipata nafasi, panda treni hadi Villefranche-sur-Saône uonje kwa wakulima wenyewe kabla ya kununua.

Mgogo wa Lyon

Nimewasoma nyote mara mbili, ahsanteni sana. Nimebakiwa na maswali mawili. Dukani nimeona chupa za bei nafuu zilizoandikwa "Grand Vin de Bordeaux", na nyingine "Saint-Émilion Grand Cru". Je, hizo ndizo alizozitaja kaka wa Bukavu? Na kwa jibini nitafute chupa nyingine?

Mhudumu wa Dijon

Sizo. "Grand Vin de Bordeaux" si daraja la kisheria. "Saint-Émilion Grand Cru" ni jina la asili lenye masharti makali kidogo kuliko Saint-Émilion ya kawaida. Wenye daraja huongezewa neno "Classé". Kwetu Burgundy "Grand Cru" ni jambo jingine kabisa, kwa sababu daraja hukaa kwenye kipande cha ardhi chenyewe bila kujali nani anakimiliki, na vipande vya daraja hilo ni 33 tu. Kwa hiyo kila neno "Grand" uliulize kwanza linatoka mkoa gani.

Jibini lisikugharimu. Nunua Sainte-Maure de Touraine, jibini la maziwa ya mbuzi litokalo mkoa uleule wa Vouvray, na ulibakishie mvinyo mweupe. Chumvi na uchachu wa jibini la mbuzi hupatana na mweupe kuliko mwekundu, ingawa wengi huku bado humimina mwekundu kwa mazoea.

Msafiri wa Bukavu

Nimejifunza, na ushauri wangu wa awali nimeuondoa. Dada, nunua chupa mbili za Vouvray na mbili za Morgon.

Mgogo wa Lyon

Ndivyo nilivyofanya jana. Nimepata Vouvray mbili, moja "sec" na moja "demi-sec", ili nionje samaki akiwa jikoni ndipo niamue ipi itangulie, pamoja na Morgon mbili za mkulima mmoja wa Côte du Py, na nimebakiwa na euro chache za jibini. Muuzaji alifurahi nilipomtajia chakula kabla ya bei. Zihifadhiwe vipi hadi siku yenyewe?

Mama wa Tours

Zilaze mahali penye giza na baridi, mbali na jiko. Vouvray uutoe kwenye friji robo saa kabla ya kula, ufike nyuzi 10 hivi, kwani ukiwa baridi sana harufu yake hujificha. Morgon nao uuingize kwenye friji kwa nusu saa, usipite nyuzi 15; joto la sebuleni ni kubwa mno kwa Gamay.