Dizeli ya Got Alila

*Majirani Ploti 14*

Mama Njeri: Mzee Wafula, kijana wangu ananiuliza kama Dkt. Robert Ouko alijiua au aliuawa. Nimwambie nini?

Mzee Wafula: Aliuawa, Mama Njeri. 1990 nilikuwa nakata miwa Muhoroni, na Koru ni hapo tu. Waziri mzima wa Mambo ya Nje alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari. Mwili ukapatikana chini ya kilima cha Got Alila: umeungua, una risasi kichwani, mguu wa kulia umevunjika mara mbili. Kando pana bastola, kiberiti na jerikani ya dizeli.

Fundi Otieno: Hiyo dizeli ndiyo hunikosesha usingizi. Mimi nashinda chini ya malori. Petroli inadaka moto kabla hata hujaisogelea. Dizeli ukiitupia njiti, njiti inazima. Mpaka ilowe kwenye kitambaa ndipo ishike polepole. Mtu mwenye bastola mkononi ahangaike na hiyo ya nini?

Mama Chebet: Hapo sawa, fundi. Ila mimi kama muuguzi naomba tusiuegemee sana huo mguu. Moto mkali wenyewe hupasua mfupa.

Mzee Wafula: Basi uache mguu. Iain West, daktari aliyekuja na wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, alisema risasi ilitangulia, moto ukafuata. Aliyekwisha kupigwa ya kichwa anawashaje kiberiti?

Baba Kevo: Lakini mzee, Dkt. Kaviti alikuwa mpasuaji maiti mkuu wa serikali, na alishikilia kwamba ni kujiua. Naye alisomea kazi hiyo.

Mama Chebet: Alisomea, Baba Kevo. Ila hilo swali la kiberiti linabaki palepale.

Mzee Wafula: Tena mchunga ng'ombe aliukuta ule mwili tarehe 13 hiyohiyo, mchana. Serikali ikasema umepatikana tarehe 16. Siku tatu! Bastola ile, jerikani ile, nani aliyevilinda visiguswe? Nani ataapa kwamba havikupangwa pale?

Baba Kevo: Siku tatu sikuzijua. Hapo umenimaliza.

Fundi Otieno: Na tume ya Jaji Gicheru iliyochunguza kifo hicho ikavunjwa 1991 kabla haijamaliza kazi. Inauma hadi leo.

Mama Njeri: Kijana amesoma yote, ana maswali tele.

Mzee Wafula: Mlete kesho baada ya magharibi, aje na daftari. Nitamchorea Koru na kile kilima.