Usaili wa ofisini: nivae suti ya kuazima au gauni langu mwenyewe?

Mwombaji Mpya

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu, na walio rika langu nawasalimu. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mkaguzi msaidizi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, na barua ya mwito inasema tu kwamba msailiwa afike akiwa na mavazi rasmi, bila maelezo zaidi ya hayo. Nimebakiwa na siku 6. Kabatini mwangu mna gauni moja la bluu iliyoiva, la mikono mifupi, ambalo nikisimama linafika gotini. Zaidi ya hilo, dada yangu yuko tayari kuniazima suti yake nyeusi ya koti na suruali, lakini yeye amenizidi mwili, na nikilivaa koti hilo mabega yake yananipita kiasi cha vidole viwili kila upande.

Naogopa kukosea kwa sababu nimekwisha kukosea mara moja. Katika usaili wangu wa kwanza nilivaa sketi ya kubana ambayo niliijaribu nikiwa nimesimama mbele ya kioo, ikanipendeza sana. Nilipoketi mbele ya wasaili ikapanda hadi katikati ya mapaja, na kwa muda wa dakika 40 hivi mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya meza ukivuta pindo. Niliulizwa namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, jambo ninalolijua vizuri kabisa, nikaomba swali lirudiwe mara mbili kwa kuwa akili yangu ilikuwa kwenye sketi. Sikuitwa tena.

Sasa shangazi ananiambia kwamba mwanamke anayeomba kazi hapaswi kuvaa suruali, na rafiki yangu anasisitiza kwamba bila viatu vya mchuchumio nitaonekana sijajiandaa. Naomba ushauri wa waliowahi kukaa upande wa pili wa ile meza, na wa yeyote anayeijua nguo kwa undani.

Mjumbe wa Jopo

Mdogo wangu, nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka mingi, na nitakueleza kama ninavyomweleza binti yangu. Fomu ya alama ninayoijaza haina mstari wa mavazi. Ina mstari wa ujuzi, wa uzoefu, wa namna mtu anavyojieleza na kadhalika. Hata hivyo nisikudanganye kwamba nguo haina kazi, kwani inaingia kwa mlango mwingine. Katika kazi kama hiyo unayoiomba, mkaguzi hutumwa kwenye ofisi za wateja tangu wiki zake za mwanzo, na kila mjumbe wa jopo, hata asiposema, anajiuliza kama anaweza kukutuma kwa mteja kesho asubuhi. Hilo ndilo swali ambalo mavazi yako yatalijibu kabla hujafungua kinywa.

Kwa sababu hiyo nakushauri uvae koti. Kwenye ukaguzi, benki na uwakili, koti lililokutosha bado ndiyo lugha inayoeleweka, liwe juu ya gauni, sketi au suruali. Ingekuwa ni kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta au ya usanifu wa picha, ningekwambia suruali safi na blauzi nadhifu zinatosha, kwa kuwa huko suti kamili inaweza kuonyesha kwamba hukufuatilia mahali unapokwenda. Ingekuwa kiwandani, ningekusihi uvae viatu vya chini vilivyofunika vidole, maana baada ya mahojiano hutokea msailiwa akatembezwa kwenye mitambo, na nimemwona mwenye viatu vya wazi akiachwa mlangoni wakati wenzake wakiendelea. Usipokuwa na hakika, mpigie simu aliyekutumia barua umuulize wafanyakazi wa idara hiyo huvaaje siku za kawaida, kisha wewe uvae rasmi zaidi yao kwa hatua moja. Si aibu kuuliza.

Ukiniuliza wasailiwa waliovaa vizuri walivaa nini, siwezi kukuambia, kwa sababu sikumbuki. Ninaowakumbuka ni wale ambao nguo zao zilikuwa zinazungumza pamoja nao. Yuko mmoja aliyekuwa na bangili tano za chuma. Alikuwa anaeleza vizuri sana mfumo wa malipo aliousimamia, na kila alipoinua mkono na kuushusha zikagonga meza, hadi mwenzangu akaacha kumwangalia usoni akawa anaziangalia bangili. Nilimhurumia, kwani maelezo yake yalikuwa bora kuliko ya wote siku ile. Manukato nayo ni hivyo hivyo: chumba cha usaili mara nyingi ni kidogo, madirisha yamefungwa, na mjumbe mwenye pumu hatakuambia kwamba anashindwa kupumua.

Juu ya suruali, mweleze shangazi kwa heshima kwamba sisi tumekwisha kuajiri wanawake wengi waliokuja na suruali na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Desturi hizi huchelewa kufa. Mji wa Paris ulikuwa na amri ya mwaka 1800 iliyomtaka mwanamke apate kibali cha polisi kabla ya kuvaa suruali, na ni mwaka 2013 tu serikali ya Ufaransa ilipotamka rasmi kwamba amri hiyo haina nguvu tena, ingawa kwa miongo mingi hakuna aliyekuwa akiifuata. Mchuchumio uache nyumbani kama hukuuzoea. Kisigino cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha kabisa, na kiatu cha chini kilichopigwa rangi hakijawahi kumnyima mtu kazi mbele yangu.

Fundi Cherehani

Dada, mimi nashona makoti na suti za kike, na naomba nianze na lile koti la dada yako: usilivae. Koti linapozidi kiunoni, fundi analibana pembeni kwa saa moja. Mkono mrefu unakatwa. Pindo linapandishwa. Lakini bega likizidi, kazi yake ni kulifumua koti karibu nusu nzima, kutoa mikono, kupunguza kitambaa cha juu pamoja na bitana na pedi iliyo ndani, halafu kuirudisha mikono ili ikae kama mwanzo, na hata fundi mzuri huenda akaliharibu. Ndiyo maana mtu anapolijaribu koti la kuazima au la mtumba, jicho lake la kwanza liende begani: mshono unaounganisha mkono na koti ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Hapo pakikubali, mengine yote yanatengenezeka. Tafuta koti la kuazima kwa mtu mwenye mabega kama yako, hata kama ni mnene kuliko wewe.

Msivae koti jeusi la suti moja na suruali nyeusi ya nyingine mkadhani hakuna atakayejua. Weusi una aina nyingi, na mwanga wa ofisini unazitenganisha wazi. Ni afadhali tofauti ionekane kuwa imekusudiwa, kwa mfano koti la kijivu juu ya gauni lako la bluu.

Kitambaa nacho kina tabia zake. Kitani kinakunjika kabla hujafika getini, pamba tupu inafuatia, na sufu iliyochanganywa na uzi kidogo wa kuvutika inajinyoosha yenyewe ukiitundika usiku kucha. Poliesta haikunjiki lakini inafungia joto na jasho ndani, na harufu ya jasho huikamata kuliko pamba. Kwa mwenye kutoka jasho akiwa na wasiwasi, kijivu cha kung'aa na bluu ya mbingu ni rangi za kuziogopa kwapani, ilhali bluu iliyoiva na nyeupe huficha. Chini ya blauzi nyeupe sidiria isiwe nyeupe, bali iwe ya rangi inayokaribia ngozi yako, kwani nyeupe chini ya nyeupe huonekana. Blauzi ikiachia kifuani kati ya vifungo, usiifunge kwa pini inayometa. Mwombe fundi akushonee kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, ni kazi ya dakika chache.

Nitalirudia jambo lako la sketi, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi. Nguo ya ofisini ijaribiwe ukiwa umekaa. Weka kiti mbele ya kioo, keti, egemea mbele kama mtu anayetia saini, inua mkono kama unayeandika ubaoni, kisha inama uokote kalamu sakafuni. Angalia pindo, angalia mgongoni kama blauzi imechomoka, angalia kiunoni kama zipu imepindika. Pindo linalofika gotini ukiwa umesimama litapanda ukikaa, na sketi ya kubana hupanda zaidi kwa sababu nyonga zinaipanua na kuivuta. Fundi anaweza kukuongezea urefu iwapo kuna kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ya pindo, kwa hiyo ligeuze gauni lako uone kama kipo.

Binti wa Stara

Asanteni kwa maelezo haya. Naomba niongeze sauti ya sisi tunaovaa hijabu, maana tunaulizana kila siku kama tuivue mlangoni ili tupate kazi. Mimi sikuivua. Niliivaa ya rangi moja, ya kitambaa kisichoteleza, nikaibana kwa ndani kabla ya kuondoka nyumbani ili mikono yangu isiwe inairekebisha kila mara, na niliinuka na kukaa mara kadhaa kuhakikisha haivutwi na kola ya koti.

Wapo waliokataliwa, sikatai. Mwaka 2008 binti mmoja huko Marekani alifanyiwa usaili katika duka la Abercrombie & Fitch akiwa amevaa mtandio kichwani. Aliyemsaili alimpa alama za kutosha kuajiriwa, lakini kiongozi wa juu yake akasema mtandio unakwenda kinyume na kanuni za kampuni za mwonekano, na hakuajiriwa. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, nayo mwaka 2015, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliamua kwa upande wa binti huyo. Nilipoisoma habari ile nilikuwa ninajiandaa kwa usaili wangu, na ilinipa nguvu ya kuingia nikiwa nilivyo. Vivyo hivyo kwa wenye misuko na nywele za asili: nywele zikiwa safi na hazifuniki macho, hakuna sababu ya kuzichoma kwa dawa siku mbili kabla ya usaili mkaenda na kichwa chenye vidonda.

Mfanyakazi wa Mbali

Kwa faida ya watakaousoma uzi huu wakiwa na usaili kwa njia ya video, msivae mistari myembamba iliyosongamana, kwani kamera huifanya icheze kama maji, na msivae rangi inayofanana na ukuta ulio nyuma yenu. Vaeni kamili hadi miguuni. Mimi niliombwa nisimame kufunga mlango uliokuwa ukipiga kelele, na nilishukuru kwamba nilikuwa na suruali ya ofisini.

Mwombaji Mpya

Nawashukuru wote kutoka moyoni, hasa fundi na mjumbe wa jopo. Jana usiku niliweka kiti mbele ya kioo nikafanya yote mliyoniambia. Gauni langu likipanda nikiwa nimekaa linaacha magoti wazi kwa upana wa vidole vinne, nami nikajikuta ninalivuta hata chumbani peke yangu. Nilipoligeuza niliona pindo lina akiba ya kitambaa ya sentimita 2 tu, kwa hiyo nimeamua kulipumzisha. Suruali ya dada inapunguzwa kiunoni na fundi wa jirani, na mwenzangu tuliyesoma naye ameniazima koti la kijivu. Mshono wa bega umekaa juu ya mfupa, nimeupima kwa kidole. Ndani nitavaa blauzi nyeupe, na miguuni viatu vyangu vyeusi vya chini ambavyo nimekwisha kuvitembelea.

Limebaki jambo dogo. Koti hili halijavaliwa na mtu, bado lina karatasi ya dukani. Mgongoni kwenye mpasuo kuna nyuzi nyeupe zimeshonwa kama alama ya kuzidisha, na mifuko imefungwa kwa uzi. Je, ndivyo lilivyoshonwa, au ni za kutoa?

Fundi Cherehani

Ni za kutoa, dada. Zile za mpasuo huwekwa ili koti lisijikunje njiani kutoka kiwandani, na ukiziacha mpasuo hautafunguka ukikaa, koti litavimba mgongoni. Kama kuna kitambaa chenye jina la kampuni kimeshonwa juu ya mkono wa koti karibu na kifundo cha mkono, nacho kitoe. Uzi wa mifuko ni hiari yako, mimi huwaachia wateja wangu ili mfuko usilegee. Tumia mkasi mdogo wa kukatia kucha, ukate uzi pale katikati ya alama kutokea upande wa nje, halafu uchomoe vipande kimoja kimoja kwa vidole. Usiuvute mzima mzima, utachana bitana.