Je, udugu wa Papa Fransisko na Waislamu ulitufikia Dar es Salaam?

Hoja iliyo mezani ni kwamba Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, aliwakaribia Waislamu kuliko Papa mwingine yeyote. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika: wapo wanaodai kwamba alilegeza imani, na wapo wanaodai kwamba ziara zake misikitini zilikuwa za kupigia picha tu. Sikubaliani nao wote, ingawa hao wa pili wana neno.

Waliomtangulia nao wapewe haki yao. Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu uhusiano wa Kanisa na dini nyingine, ni la mwaka 1965, na Papa wa kwanza kuingia msikitini alikuwa Yohane Paulo wa Pili, mjini Damascus, mwaka 2001. Fransisko alikwenda mbali zaidi kwa namna yake. Novemba 2015 alifika Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambao Wakristo na Waislamu walikuwa wakiuana, akaingia msikiti wa Koudoukou katika mtaa wa PK5, ambao wakazi wake Waislamu walikuwa wamezingirwa na wanamgambo hata kutoka nje ya mtaa ilikuwa kuhatarisha roho. Picha mtu angeweza kuzipigia Roma.

Kisha, Februari 2019, akatia saini Hati ya Udugu wa Kibinadamu mjini Abu Dhabi pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, taasisi kongwe ya Kiislamu ya Kairo, Sheikh Ahmed al-Tayeb. Hati hiyo inasema kwamba wingi wa dini ni matakwa ya Mungu katika hekima yake, na sentensi hiyo iliwakera Wakatoliki wengi. Kusema kweli, hata mimi niliisoma mara mbili.

Lakini hapa Dar es Salaam udugu haukusubiri saini. Mkristo wa Ilala akiwa na harusi, humwita jirani Mwislamu amchinje ng'ombe, ili sufuria liwe moja na asiwepo mgeni wa kula wali mkavu. Wala hakuna anayeliita jambo hilo mazungumzo ya kidini. Hata hivyo, kisu hicho hicho kiligeuka ugomvi Kanda ya Ziwa: Februari 2013, mwezi mmoja kabla ya Fransisko kuchaguliwa, mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja ulisababisha mchungaji kuuawa huko Buseresere, Geita. Ujirani peke yake, basi, unaweza kuvunjika usipokuwa na mafundisho yanayoushikilia.

Na hapo ndipo ninapoona upungufu wa urithi wake. Hati ya Abu Dhabi yenyewe iliomba ifundishwe shuleni na vyuoni. Anayetaka kunipinga anitajie darasa la kipaimara, au madrasa, hapa jijini, alikowahi kuisikia ikisomwa.