Je, kuficha jina la mgonjwa mtandaoni kunatosha?

Mwanafunzi wa uuguzi: Wenzangu, darasani kwetu wengi wanaona kwamba wanachoandika kwenye kurasa zao baada ya zamu hakimhusu mkufunzi wala hospitali, mradi jina la mgonjwa halikutajwa. Mnaonaje?

Jibu 1: Hakutoshi hata kidogo. Picha ya eksirei iliyofutwa jina huweza kubaki na tarehe pembeni, na ukiongeza kwamba ni mzee aliyegongwa na pikipiki asubuhi hiyo, jirani yake atamtambua mara moja. Azimio la Geneva la 1948, yaani kiapo cha maadili ya madaktari, linamtaka daktari atunze siri alizokabidhiwa, na siri hiyo haiishi zamu inapoisha.

Jibu 2: Nakubaliana nawe, ingawa nisingependa wanafunzi watishwe hadi wanyamaze, kwa kuwa kuelimisha umma kuhusu chanjo ni kazi njema. Tamko la Chama cha Madaktari Duniani la 2011 halikatazi mitandao; linawashauri madaktari wakague mara kwa mara taarifa zinazowahusu mtandaoni.

Mwanafunzi wa uuguzi: Na kundi la WhatsApp la darasa?

Jibu 1: Ni yale yale, kwani ujumbe husambazwa kwingine bila wewe kujua.