Milingoti 12 iko chini: kuni zichanjwe mbichi au zisubiri kukauka?

kipanga_njombe
Wakuu, habari za jioni. Milingoti 12 (wengine mnaiita mikaratusi) imeangushwa wiki hii huku Njombe. Kipenyo usawa wa kifua ni kama sm 20, urefu mita 16 hivi. Kuni ni za jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi. Sasa ni mwanzo wa Juni, na nataka ziwe kavu kabla mvua za Novemba hazijakolea. Jirani anasema mlingoti mbichi haufai kuchanjwa, unarudisha shoka, eti niache magogo yakauke kwanza. Ni kweli? Nikate urefu gani, na nizipange vipi mchwa wasizimalize?

shoka_butu
Jirani kaigeuza. Mlingoti unachanjika ukiwa mbichi. Ukiuacha ukauke ukiwa gogo, nyuzi zake zinashikana na shoka litadunda kama umepiga tairi. Halafu gogo zima halikauki upesi: maji yanatokea kwenye vichwa viwili vya mkato, ubavuni gome linayazuia. Hadi Novemba nje litaonekana kavu na moyo wake bado mbichi.

Katakata pingili za sm 40, uchanje ndani ya wiki mbili tatu. Kwa jiko banifu kipande kisizidi unene wa kifundo cha mkono, sm 5 au 6. Kikiwa kinene zaidi utalazimika kuacha mlango wazi, na jiko linageuka mafiga matatu ya bei ghali.

Weka pingili juu ya kigogo kipana kinachofika chini kidogo ya goti. Angalia kichwa cha mkato kwanza: mlingoti hujipasua wenyewe nyufa ndogo kutoka kwenye moyo. Fuata ufa huo, usianzishe wako. Pingili nene usiipige katikati. Anza pembeni, ubandue vipande ukizunguka hadi ubaki moyo. Yenye fundo igeuze fundo liwe chini, upige upande ulio safi.

Shoka jembamba la kuangushia miti litanasa. Tumia nene, au kabari ya chuma na nyundo ya kilo 3 au 4. Usigonge kisogo cha shoka kwa nyundo: chuma kinamegeka na kipande kinaruka machoni. Mpini ukilegea, watu huloweka shoka usiku kucha. Hiyo ni dawa ya siku moja; mti unavimba, kesho unanywea na kulegea zaidi. Gongea kabari ya mti mkavu juu ya mpini.

fundi_chensoo
Naongezea upande wa kukata, maana hapo ndipo msumeno unabanwa na watu wanaumia. Gogo likiwa limeegemea ncha zote mbili na katikati linaning'inia, sehemu ya juu ndiyo inajibana. Kata juu theluthi moja tu, kisha malizia kutoka chini kwenda juu. Likiwa limeshikwa upande mmoja na mwingine uko hewani, fanya kinyume: chini theluthi, halafu juu. Ncha ya bapa la chensoo (chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo) isiguse gogo lililo nyuma, italirusha bapa usoni kwako. Na mnyororo usiguse udongo hata mara moja. Mguso mmoja wa mchanga na meno yameisha, utarudi kwenye tupa.

Kuhusu visiki, kama unataka vichipue, vikate sm 10 hivi kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yakishika, bakiza mawili au matatu kwa kila kisiki.

mama_kichanja
Shikamooni wakubwa. Hesabu ya nafasi kwanza: milingoti 12 ya ukubwa huo inatoa karibu mita za ujazo 2.7 za mti mtupu. Ikipangwa, pamoja na mianya, ni kama 4.2. Yaani ukuta wa urefu mita 7, kimo mita 1.5, upana sm 40. Pima mahali kabla hujaanza kubeba.

Chini weka matofali, juu yake miti miwili sambamba, kuni zikae sm 20 kutoka ardhini. Mchwa hawazuiwi na tofali, watajenga njia ya udongo juu yake. Faida ya tofali ni kwamba njia hiyo unaiona. Pita kila wiki na kijiti uivunje. Ukizilaza chini moja kwa moja wanaingia kwa siri, utakuta magome matupu.

Kingo mbili za ukuta panga msalaba, tabaka moja hivi, lingine vile, ndizo zinazoshikilia lundo lisibomoke. Acha sm 15 kati ya kuni na ukuta wa nyumba. Funika juu tu, kwa bati lililotokeza kidogo. Ukizungushia turubai hadi chini, maji yanayotoka kwenye kuni yanabaki humo humo, na baada ya mwezi utakuta ukungu mweupe.

Juni na Julai Njombe ni ukungu na manyunyu, hapo hazikauki sana. Agosti hadi Oktoba ndiyo yenye kazi.

kipanga_njombe
Asanteni sana. Swali la mwisho: nitajuaje zimekauka bila kipimo cha unyevu? Na kuna vipande vya nguzo za umeme vimebaki hapa, vinafaa kuchanganywa?

shoka_butu
Nguzo hapana kabisa. Nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Usizipikie, na majivu yake yasiende bustanini.

Kuhusu ukavu, tumia mizani ya dukani. Chagua vipande vitatu, kimoja cha juu, kimoja cha kati na kimoja cha chini, uviandike namba na upime leo. Mlingoti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kipande cha kilo 2 kikikauka vizuri kinashuka hadi kilo 1.25 hivi. Pima kila baada ya wiki mbili. Mlio nao unasaidia: gonga vipande viwili, kavu vinalia "ko!" kama mwiko kwenye kinu, vibichi vinasema "dup". Lakini kwa kipande kilichokauka nusu mlio unadanganya, mizani haidanganyi.

mama_kichanja
Cha chini ndicho kitachelewa. Kikifika, anza kupikia.