Tupeane uzoefu: mama mzee aliyekuwa moto wa kuotea mbali

Wa Machame
Wakuu, heshima kwenu. Juzi tumemzika mama, miaka 84. Binamu yangu kasimama kusoma wasifu: "Marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, asiyependa makuu." Nikaona wazee wa usharika wanatazamana, mmoja anajikohoza kuficha kicheko. Mpole? Huyo aliyesomwa pale mimi simjui.

Mama aliimba alto kwaya ya kina mama, na alipika mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Bei ya kahawa ilipoanguka, kihamba, shamba letu la nyumbani, hakikutosha ada ya watoto sita. Basi nyuma ya nyumba ndizi mbivu zikawa zinachemka kutwa, ulezi unaoteshwa, magome ya msesewe yanakauka, na Ijumaa jioni wanaume wamejaa uani, kila mmoja na kata yake. Mchungaji wa wakati ule akamtenga. Hana ruhusa ya meza ya Bwana. Sasa sikieni alichofanya: hakukosa Jumapili hata moja. Anakuja, anakaa benchi la nyuma kabisa, anaimba alto yake peke yake kwa sauti mpaka kwaya ya mbele inapotea njia. Mchungaji alipokuja nyumbani kumsihi aache, akamkaribisha chai, akamuuliza, "Baba, huko sekondari ada wanapokea zaburi?"

Alikubali kurudi kundini mdogo wetu alipomaliza kidato cha nne. Siyo kabla.

Kwenye wasifu mbege haikutajwa hata tone. Nyie wenye mama wakorofi, leteni. Wapole tumwachie binamu.

Mtoto wa Kariakoo
Pole sana mkuu. Nimecheka msibani kwako, nisamehe.

Bi mkubwa wetu alikuwa Simba, lakini mpaka anaingia kaburini aliiita Sunderland. Jina lilibadilika 1971, yeye akasema hakuulizwa. Sita bila tuliyowafunga Yanga 1977 aliisimulia kama harusi yake, yale mabao matatu ya Kibadeni anayaonyesha kwa vikombe vya kahawa juu ya mkeka. Akitoka kuswali alfajiri, tasbihi mkono wa kulia, redio mkono wa kushoto, anatafuta habari za michezo. Dua zake tulizisikia: wanawe kwanza, maiti wake pili, halafu sauti inashuka kidogo, tunajua sasa anaiombea timu.

Novemba 2023 Yanga walipotufunga tano kwa moja, akalaumu televisheni. Eti tungesikiliza redioni wasingefunga zote.

Jirani yake ni Yanga wa kulialia. Wametaniana tangu sisi wadogo, siku ya mechi hawasalimiani. Siku ya msiba yule mama kaingia na kanga ya kijani, kakaa mkekani, kalia kutushinda sisi wenye mama. "Sasa nitamtukana nani?" ndiyo maneno yake.

Bandani Likoni
Wangu yu hai, Mungu amuweke. Ana themanini na ushei na bado achoma mahamri. Saa kumi alfajiri yuko jikoni, tui la nazi na iliki zanukia hadi kwa jirani. Tulimficha karai ili apumzike. Akavuka feri kwa miguu, akarudi na karai jipya, kubwa kuliko lile la kwanza. Deni twalilipa sisi.

Jicho Kavu
Mimi nasoma tu. Wangu alikuwa mkali wa fimbo, nilitoroka nyumbani nikiwa na miaka 15. Lakini kila Idi alinitumia nguo kwa dereva wa basi, bila salamu, saizi sawasawa. Mpaka leo sijui alikuwa ananipima na nani.

Reli ya Kati
Jicho Kavu, hiyo ya saizi imenigusa.

Mama yetu, huku Tabora vijijini, hakwenda shule. Kaka mkubwa akiwa jeshini alikuwa anaandika barua, na msomaji wa barua alikuwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akishasoma, jioni kijiji kizima kinajua kaka kaumwa malaria, kaomba hela, kapata mchumba. Mama akavumilia. Siku balozi alipomsalimia kisimani kwa jina la huyo mchumba kabla hata yeye hajamwambia mtu, aliweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja kujiandikisha kisomo. Ilikuwa ile miaka ya sabini ya Nyerere, darasa la ngumbaru chini ya mwembe, yeye na mtoto mgongoni. Mwalimu anafundisha herufi kwa habari za kilimo cha pamba, mama anamwambia pamba anaijua, ampe herufi za majina ya watu.

Barua yake ya kwanza kaka anayo hadi leo. Haina nukta wala salamu: "nasoma mwenyewe sasa andika siri"

Wa Machame
Hiyo ya Tabora nimemsomea dada, kanyamaza muda mrefu. Tumekubaliana siku ya kujengea kaburi wasifu urudiwe, nausoma mimi. Binamu kagoma, anasema mbege haitajwi mbele ya mchungaji. Kaka kamjibu kwamba ada yake ya darasa la tano yule binamu naye ilitoka pipa lilelile. Kikao kimeahirishwa mpaka Jumamosi.