Sponji, pamba au pete? Cha kuweka pale maji yanapomwagikia nyuma ya tangi

BintiTudor: Assalaam aleikum. Nina tangi la maji ya bahari, lile lenye vyumba nyuma. Maji yanamwagikia chumba cha kwanza, yanapita cha pili, na pampu iko cha tatu inayarudisha mbele. Hicho cha kwanza ndicho kinanitatiza. Kilikuja na mipira ya plastiki, nimeitupa. Kesho nashuka mjini na elfu mbili tu. Nichukue sponji, pamba ya kuchujia au zile pete za udongo?

FundiPampu: Waaleikum salaam dada. Tangi lita ngapi? Samaki wangapi? Kuna matumbawe hai? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

MzeeChumvi: Hapo uchafu ndipo unapofikia kwanza, kwa hivyo weka kitu cha kuunasa. Pete ni nyumba ya bakteria, zikae chumba cha pili maji yakishachujwa. Ukizitanguliza zinavaa ukoko wa kinyesi na chakula, nitrati (mabaki ya uchafu unaooza) ipande kila wiki na usijue inatoka wapi. Mipira nayo ilikuwa na ila hiyo hiyo. Mimi natumia pamba mwaka wa sita huu. Siku ya tatu natoa, natupa, naweka nyingine. Ikamue uone: maji yanatoka rangi ya chai ya mkandaa.

Kisauni001: Pamba ni pesa ya kila wiki. Sponji wanunua mara moja, waosha. Lakini isiwe ya kuoshea vyombo, nyingine zimetiwa dawa.

MamaKangaja: Pamba? Ngojeni niwahadithie. Usiku wa kuamkia Idi, mwaka juzi. Nilipata fundo la pamba ya mito kwa bei ya kutupa, nikasema nikiishindilia barabara maji yatakuwa kioo. Nikajaza chumba chote hadi juu, nikatia hina mikononi, nikalala. Saa nane usiku nasikia mkoromo jikoni, nikadhani paka. Kumbe pamba imeziba kwa uchafu, maji hayapiti, na pampu haina habari: inasukuma tu. Mbele kumefurika, nyuma kumekauka. Natia mguu chini, mkeka unaelea. Mara jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa fagio. Maji ya chumvi yanamdondokea kwenye sinia la mahamri aliyoyaacha yaumuke. Pampu ikaungua. Watu wanakwenda kuswali Idi, mimi nimefunga leso kiunoni nakausha sakafu. Jirani alinisamehe, lakini kila Idi hunitumia sahani ya mahamri na ujumbe: haya hayana chumvi.

MzeeChumvi: Pole mama, ila kosa ni la kushindilia. Weka tabaka moja, unene wa kidole, na uache upenyo juu ili hata ikiziba maji yapite.

BintiTudor: Samahanini, nilikuwa kazini. Ni lita 120, samaki wanne, kamba mmoja, matumbawe laini mawili. Na husafiri siku tano tano, hakuna wa kubadilisha pamba.

FundiPampu: Hilo la safari ndilo ungelianza nalo! Basi sponji ya matundu makubwa, vipande viwili. Osha kimoja wiki hii, cha pili wiki ijayo, na uoshe kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi. Ya bomba yana klorini, yanaua bakteria wanaokumalizia amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki.

MzeeChumvi: Sponji siku tano bila kuoshwa nayo ni jalala.

Kisauni001: Mimi ningetia vipande vya jiwe la matumbawe. Bure, wala halizibi.

MzeeChumvi: Ndio mwanzo wa watu kwenda kuvunja mwamba. Nyali kule, pwani ya Mombasa, ni hifadhi ya bahari tangu 1986, hakuna kuchukua hata kipande.

Kisauni001: Nani ametaja mwamba? Nasema la machimboni, la kujengea. Nusu ya nyumba za Mji wa Kale ni jiwe hilo.

MzeeChumvi: Na vumbi lake? Lioshe wiki nzima ndipo uje hapa.

Feri_Likoni: Mwabishana chujio na hamjamuuliza maji anachota wapi.

BintiTudor: Hapa hapa Tudor, nyuma ya nyumba.

Feri_Likoni: Lo! Mkono wa bahari huo, mvua ya masika ikinyesha unapokea mifereji yote ya mji. Hakuna sponji itakayokusafishia hayo. Chota bahari ya wazi, maji yakijaa, na upime chumvi: kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025.

FundiPampu: Na yatulie kwanza, usiyatie siku hiyo hiyo.

BintiTudor: Haya. Kwa hivyo ni sponji au pamba? Na maji ya hiyo bahari ya wazi mwabebea nini?

MamaKangaja: Mitungi ya lita 20, na kijana wa kusukuma mkokoteni. Wangu siku hizi ameanza kunidai nauli ya kurudi.